Sampuli Niliyoibeba Mgongoni

Usiku wa jana niliota nimebeba mgongoni mpira wa eakilina wa gari la mdogo wangu, nimeufunga kwa khanga kama mtoto anayetaka kulala, nimesimama kwenye foleni ya duka la spea. Foleni haikuwa na watu. Nilikuwa wa mwisho. Mbele yangu hapakuwa na mtu yeyote, na bado nilikuwa wa mwisho.

Naomba nieleze kwanza, maana asiyejua mambo haya atapotea kama nilivyopotea mimi.

Mpira wa eakilina ni lile bomba nene la mpira, lenye mikunjo kama shingo ya kobe, linalopeleka hewa kutoka kwenye boksi la chujio mpaka kwenye injini. Ukichanika, gari linakohoa. Kwenye tambarare litakwenda hivyo hivyo kwa kujikaza, lakini kwenye mlima linazimika. Huu wa gari la Namkunda, mdogo wangu, ulichanika, fundi Mshana akaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Ukachanika tena, akazungusha waya, na juu ya waya akafunga tyubu nyingine, mpaka ukawa mnene kama mguu uliofungwa plasta. Mwisho akaniambia kwamba sasa anafunga bandeji juu ya bandeji, niende mjini nikatafute mwingine, na nisiache kubeba huu wa zamani kama sampuli.

Namkunda mwenyewe yuko wodini, mjini Moshi. Madaktari wamesema wao wamemaliza, arudi nyumbani. Walisema kwa upole sana, hata mmoja akanivutia kiti. Ndipo nilipoelewa.

Kwetu Usangi barabara ni kona tupu. Gari geni likipanda taratibu, mchana, limewasha taa, watu wanajua ni msiba unakuja. Wanatoka mashambani na majembe yao, wanaume wanavua kofia, wanawake wanaanza kulia kabla hata hawajajua ni nani. Namkunda anaijua desturi hiyo, ameshasimama pembeni ya barabara ile mara nyingi na kuwalilia wenzake. Mkwe wake alijitolea kuleta gari kubwa lenye nafasi ya kulala. Akakataa.

Akaniambia, "Dada, mimi napanda na gari langu. Nakaa mbele, nashusha kioo, napiga honi kila kona. Wakiisikia honi yangu watajua ni mwalimu amerudi. Sitaki kuliliwa nikiwa nasikia."

Hilo tu ndilo analotaka. Nimezunguka na ile sampuli maduka ya Mwanga na ya Moshi. Wanaigeuza, wanaipima kwa vidole, wananirudishia. Mmoja anasema haijawahi kufika. Mwingine anasema anao unaokaribiana, ila mdomo ni mwembamba. Jana nilirudi mikono mitupu, nikachemsha uji nisiunywe, nikalala. Ndipo nikaota.

Basi, niko kwenye foleni. Zamu yangu inafika.

Muuzaji alikuwa chujio la hewa, lile la karatasi lenye mikunjo mikunjo. Alikuwa wa umri wa makamo, amevaa miwani ya kusomea. Akicheka vumbi linamtoka, kwa hiyo alikuwa amejizoesha kutocheka. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akanyoosha mkunjo mmoja juu ya meza.

"Sampuli," akasema.

Nikafungua khanga, nikaulaza mpira mezani. Akauwekea sikio. Mpira ukakohoa kikohozi cheupe, kikatua juu ya meza kama unga.

"Mama, hii siyo sampuli. Hii ni mgonjwa."

Nikamwomba basi ampe dawa.

"Sisi hapa hatutibu. Tunafananisha."

Akaniuliza gari ni la mwaka gani. Nikamwambia. Akauliza la mwezi gani. Nikasema sijui, mimi hata mwezi wangu mwenyewe naambiwa tu ulikuwa wa mavuno ya maharage. Akauliza kama lilitengenezwa kabla ya mabadiliko au baada ya mabadiliko. Nikamuuliza mabadiliko ya nini. Akavua miwani, akaifuta, akasema kama siyajui, basi huenda ni kabla.

Kisha akasema namba ya chesisi ije.

Nikatoa karatasi niliyokuwa nimeinakili. Akasema hapana, ije yenyewe.

Mlango ukafunguka, namba zikaingia kwa miguu, zimejipanga kama watoto wa shule asubuhi. Nne alikuwa anasimama kwa mguu mmoja. Nane alikuwa amejikaza tumbo. Muuzaji akaita moja moja, kila moja ikaitikia, mpaka ya mwisho. Ya mwisho haikuitikia. Zile nyingine zikatazama chini. Saba akasema kwa sauti ndogo kwamba mwenzao aliliwa na kutu, na wao walikuwepo wakiona.

"Bila huyo siwezi," muuzaji akasema. "Kuna magari yaliyozaliwa tumbo moja na hili lako. Kila moja lina koo lake."

Nikawabembeleza waliobaki, mmoja ajitolee kusimama mahali pa marehemu. Sita akasema yeye anaweza kusimama kichwa chini akawa tisa, lakini utakuwa uongo, na mtu mzima kama mimi haombi uongo. Nikaona ana haki.

Nikasema nina mgonjwa, hana siku. Muuzaji akasema ziko spea zinazoingiliana, za gari hili zikakubali kwenye lile. Akavuta droo. Ndani yake mipira ya kila unene ilikuwa inaingiana. Mdogo anaingia kwa mkubwa, mkubwa anaingia kwa mkubwa zaidi, mpaka ukabaki mmoja tu, nao ukajitazama kidogo, ukajiingia wenyewe, droo ikawa tupu.

"Zimeingiliana," akasema, akaifunga.

Mwisho, nadhani kwa kunihurumia tu, alinipa mpira uliokuwa chini ya meza unazuia mlango usijigonge. Mfupi kuliko wangu, mgumu, una rangi ya kijivu. Niliona kwa macho yangu kwamba siyo, na nikauchukua. Mtu akishazunguka vya kutosha anachukua.

Juu ya mlango kulikuwa na kibao kama vilivyo kwenye maduka yote: kikishauzwa hakirudishwi. Nikapita chini yake ili nitoke barabarani, nikajikuta nimeingia chumba cha nyuma.

Ni chumba kirefu. Kuna benchi kila upande, na kwenye mabenchi wamekaa watu, kila mmoja amepakata spea isiyo yake. Mama mmoja ana radieta ya lori. Kijana amevaa suti ya harusi, amepakata taa ya kushoto. Kuna chai kwenye birika, hakuna anayekunywa.

Nikamuuliza yule wa suti kama mlango wa kutokea uko upande gani.

"Kile kibao watu wanakisoma haraka haraka," akasema. "Wanafikiri kinazungumzia spea."

Akanieleza kwamba alikuja kutafuta taa ya kulia ya gari la maharusi, wakampa ya kushoto, na ndiyo hajarudi. Nikampa pole. Akasema harusi ilishafanyika, amesikia ilipendeza.

Wakaniuliza mimi nimenunua nini. Nikawaonyesha. Nikawaeleza habari za Namkunda, za kona, za honi. Hakuna aliyenibishia. Mama wa radieta akamsogeza mwenzake, wakanifanyia nafasi kwenye benchi, wakapangusa na vumbi. Walifanya kwa upole ule ule wa madaktari.

Nilipouona upole ule sikukaa.

Nikaanza kufikiri. Kile kibao kinasema hakirudishwi. Hakijasema hakitolewi zawadi. Nikaenda kwa mama wa radieta, nikamwambia mwanangu, shingo yako imechoka kwa kuinama, egemeza huu. Nikauweka ule mpira wa kijivu nyuma ya shingo yake. Akasema asante, umekaa vizuri. Ukuta ukafunguka mahali nilipokuwa nimesimama, nikatoka.

Sikutokea Moshi. Nimetokea kwetu, chini ya mlima, kona ya kwanza. Gari la Namkunda limeegeshwa pale, rangi ya maziwa, boneti juu. Namkunda amekaa mbele, kiti cha abiria, juu ya ule mto wake anaokalia kwa sababu ni mfupi. Amevaa gauni la wodini, kioo kimeshushwa, anamenya chungwa bila kukata ganda.

"Dada, umechelewa," akasema.

"Nilikuwa dukani."

"Umepata?"

"Bado."

Akatazama jua. Akasema basi twende hivyo hivyo, yeye amepewa mpaka jioni.

Fundi Mshana alikuwa ameinama kwenye injini. Kuanzia kwenye viwiko mikono yake ilikuwa spana, namba tofauti kila upande, na akijikuna kichwa ilisikika mpaka shambani. Nikamuuliza tunapandaje bila mpira. Akanionyesha tundu la injini, pale mpira unapochomekwa.

"Injini haiulizi hewa imetoka kwa nani, Mama. Weka mdomo, pumua."

Nikaweka mdomo. Lina ladha ya sarafu na mafuta ya taa. Nikapuliza, gari likawaka.

Tunapanda. Mimi natembea kinyumenyume mbele ya gari, mdomo wangu umekaa kwenye tundu, boneti imenifunika kichwa kama mwavuli. Nikipuliza, gari linasogea. Nikivuta pumzi, linanisubiri. Usukani unaijua njia, hakuna anayeushika. Mpira wa zamani uko mgongoni kwangu kwenye khanga, unakohoa nyuma ya sikio langu. Mshana anatembea pembeni akisema vizuri, Mama, hivyo hivyo, usikatishe.

Kona ya kwanza tukaimaliza. Namkunda akajinyoosha mpaka kwenye usukani, akabonyeza honi. Honi nayo ilikuwa haina hewa. Ilitoa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Halafu taa zikawaka zenyewe.

Wanatoka. Wanatoka kwenye migomba, kwenye mahindi, kwenye nyumba za juu ya barabara. Nawaona kwa pembeni ya jicho. Mzee Kirway anavua kofia, anaishika kifuani. Nasemba, aliyesoma darasa moja na Namkunda, anashusha jembe, anajifunga khanga kiunoni, anaanza wimbo. Mtu mmoja ambaye simjui anafunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni, anakaza fundo, analivuta kuona kama limeshika.

"Dada, waambie bado," Namkunda anasema.

Siwezi kusema. Mdomo uko kwenye injini. Nikiutoa, gari linazimika. Nisipoutoa, wanalia.

Nikajaribu kuwaambia kwa macho. Macho yalikuwa yanatoka machozi kwa kupuliza, wakaona machozi tu. Nasemba akawaambia wenzake, mtazameni dada yake anavyoumia, akapandisha sauti.

Namkunda akatoa kichwa dirishani. Akamwambia Nasemba, mimi huyu hapa, tazama, nakula chungwa. Nasemba akainamisha kichwa kwa heshima.

"Pumzika, mwalimu," akasema.

Nimemfahamu mdogo wangu tangu siku aliyozaliwa. Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kuteka maji, nikamfunga nywele siku alipokwenda chuo cha ualimu. Sijawahi kumwona anaogopa. Pale dirishani nilimwona. Alirudisha kichwa ndani, akaliweka chungwa juu ya mapaja, akakunja mikono kama wanavyomkunjia marehemu. Alianza kuwakubalia.

Nikautoa mdomo.

"Yuko hai," nikasema. "Nasemba, yuko hai. Vaeni kofia zenu."

Wimbo ukakatika. Mzee Kirway akavaa kofia, akaomba radhi. Yule mtu akafungua kitambaa chekundu, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni kwa ajili ya siku nyingine. Pakawa kimya sana, maana na injini ilikuwa imezimika.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Nikalishika bampa. Mshana akaokota jiwe aliweke nyuma ya tairi. Jiwe likasema siyo saizi yake, likasogea pembeni. Akaokota jingine, likasema hilo hilo. Nikarudisha mdomo kwenye tundu, nikapuliza, lakini nilikuwa nimeishiwa. Kilichotoka kilikuwa kidogo, hakitoshi hata kupoza uji.

Namkunda akanitazama kupitia kioo cha mbele. Alikuwa ametulia.

"Usijali, dada," akasema. "Kurudi nyuma hakutaki hewa."

Ndipo ule mpira wa mgongoni ukanigonga begani.

"Nishushe," ukasema. "Mimi siyo wa gari hili."

Nilikuwa nimeshika bampa, miguu inaburuzwa, nikauambia useme haraka. Ukasema pole pole, kwa kukohoa, kama wanavyosema wazee wa baraza. Wenyewe ulizaliwa kwenye mashine ya kusaga. Siku Namkunda alipolipandisha gari hili mara ya kwanza kutoka tambarare, lilihema kwenye kona, na marehemu Mgonja, fundi aliyekuwepo kabla ya Mshana, akasema ugonjwa wake anaujua. Gari la tambarare likija mlimani linakosa pumzi, kama wakwe wa tambarare wanavyokohoa wakija kutoa mahari. Dawa yake ni kulipanua koo. Akautoa mpira wake wa haki, akachukua huu wa mashine, akaukata, akaulazimisha ukaingia. Kila mtu kijijini alimsifu. Gari likatembea miaka yote hiyo na koo la kuazima.

"Kule madukani ulikuwa unatafuta ndugu zangu," ukasema. "Gari hukulitafutia chochote."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniita sampuli. Sampuli haiulizwi kitu."

Bampa lilikuwa linanitoka vidoleni. Nikauuliza ule wa haki uko wapi.

"Nyuma ya nyumba ya mdogo wako. Umechomekwa kwenye mfereji wa bati, unapitisha mvua kwenda kwenye pipa. Ubavuni una tundu la kuingizia bomba jembamba. Wameliziba kwa gunzi la hindi."

Vidole vikaachia. Gari likaenda, taratibu tu, bila kelele, likaingia kwenye kona kinyumenyume. Kitu cha mwisho nilichokiona ni kiganja cha Namkunda nje ya dirisha. Hakuwa anapunga. Alikuwa anakipima kama mtu anayeangalia kama mvua imeanza.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka na mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati. Simu yangu niliilaza juu ya kigoda, kioo chini, na ukingo wake ulikuwa unawaka na kuzima. Mtu alikuwa amenitafuta nikiwa usingizini. Sikuigeuza. Nilikaa kitandani nikaitazama ikiwaka na kuzima, halafu nikavaa ndala, nikajitanda khanga, nikatoka.

Nyumba ya Namkunda na yangu zinatenganishwa na migomba tu. Imefungwa tangu alipopelekwa mjini. Nyuma huwa sipiti, pana utelezi na mbigili, na pipa la kule ni lake, mimi nina langu. Nikashika ukuta, nikapita kwa kuinama.

Mfereji upo. Mwisho wake umechomekwa kipande cha mpira chenye mikunjo, kimeota ukoga, chembamba kuliko ule niliozunguka nao mjini. Maji yalikuwa yanapita ndani yake yakienda kwenye pipa. Nikapitisha kidole ubavuni, upande ule unaotazama ukuta, ambao mtu hawezi kuuona akiwa amesimama. Kidole kikakutana na kitu kikavu, chenye vinundu. Nikakivuta.

Gunzi.

Nilisimama nalo mvuani kitambo. Kisha nikauchomoa mpira, nikaukung'uta, nikaufuta ukoga kwa pindo la gauni. Maji ya paa yakakosa njia, yakawa yanamwagika chini pembeni ya pipa. Namkunda angegomba. Nikayaacha yamwagike.

Ndani kwangu simu ikaanza kuita. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Niliuingiza mpira chini ya khanga, nikashuka kwa fundi Mshana kwa njia ya mkato, bila kutazama nyuma. Mlango wake ulikuwa bado umefungwa. Mkono mmoja ulikuwa umekumbatia mpira, na mwingine haukuwa na kitu kingine, nikagonga kwa lile gunzi.